Paka Anachagua, Mfuko Hauchagui

Chakula cha paka kilicho ghali kuliko vyote ni kile kinachoshinda kwenye kisahani tangu asubuhi, kikakauka kingo, jioni kikaishia kwenye pipa la taka. Ndiyo maana ushauri wa kubana matumizi unaoanzia dukani haunivutii sana: chukua mfuko mkubwa, linganisha bei ya kilo, subiri punguzo. Kwa mbwa, sawa. Mbwa anaweza kukimaliza chakula kabla hajakinusa. Paka mchaguzi ananusa kwanza, na mfuko wa nusu bei alioukataa umekula pesa zako ilhali yeye hajala kitu.

Hesabu ninayoifuata ni moja: gharama ya kilichoingia tumboni. Gawanya pesa za mwezi kwa chakula alichokimeza kweli, usigawanye kwa ulichokinunua. Mara nyingi utakuta chakula cha bei ya kati anachokila mpaka kisahani kikang'aa ni nafuu kuliko cha bei ya chini ambacho nusu yake inamwagwa. Tena utagundua kwamba kinachomwagwa si lazima kiwe kibaya. Kimekataliwa kwa sababu kilikuwa baridi, au kilikuwa kingi, au kililetwa saa isiyofaa.

Naishi na jike mmoja anayeitwa Tausi, na mwendo wake unalistahili jina. Akiwekewa asichokitaka hapigi kelele. Ananusa mara moja, anarudi nyuma hatua, kisha anaanza kukwangua sakafu kando ya kisahani kwa mguu wa mbele, vilevile anavyokwangua mchanga wa choo chake. Mpishi mwenye moyo mwepesi angelia. Lakini paka wa mwituni wa aina kadhaa hufunika mabaki ya mawindo kwa majani na udongo ili wayarudie, kwa hiyo pengine hatukani. Pengine anaweka akiba. Mimi nimeamua kuiamini tafsiri hiyo ya pili, kwa afya ya roho yangu.

Ukitaka kumlisha mchaguzi bila kufilisika, anza na mdomo wake, au tuseme pua yake. Ulimi wa paka una vionjio mia nne na kitu hivi, wakati wa binadamu una maelfu. Utamu wa sukari hausikii kabisa: mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kilichoko Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba mojawapo ya jeni mbili zinazojenga kionjio cha utamu imeharibika kwa paka, na wakakuta hali hiyohiyo kwa duma na chui milia. Anachokisikia vizuri ni ladha ya nyama yenyewe, ule uzito wa mchuzi uliochemka ukakolea. Mwaka 2023 watafiti wa taasisi ya Waltham ya Uingereza walieleza jinsi kionjio cha paka cha ladha hiyo kinavyofanya kazi, na kwamba michanganyiko anayoipenda zaidi ni ya vitu vilivyojaa kwenye samaki aina ya jodari. Kwa nini paka huota mbawa mkebe wa jodari unapofunguliwa chumba cha tatu, hapo pana jibu.

Lakini kabla ya ladha kuna harufu, na harufu haitoki kwenye chakula cha baridi. Chakula kilichotolewa kwenye friji kwa pua ya paka ni kama barua isiyofunguliwa. Windo lake la asili lina joto la mwili, nyuzi 38 hivi, na huko ndiko unakotaka kufika. Weka kisahani juu ya bakuli la maji ya moto kwa dakika chache, au ongeza kijiko cha maji ya moto ukakoroga. Ukitumia maikrowevu, koroga vizuri na pima kwa kidole, maana joto lake huwa halisambai sawasawa na ulimi ulioungua leo utakataa chakula kesho. Hili halina gharama, na ndilo ninalompa kwanza mtu anayenilalamikia kwamba paka wake hali. Wengi hawarudi na swali la pili.

Baada ya harufu, umbile. Paka huzoea tangu utotoni namna chakula kinavyokaa mdomoni, na aliyekulia kwenye punje kavu anaweza kuuona mkebe wa nyama laini kuwa si chakula. Kwa hiyo kabla hujahamia kampuni nyingine, jaribu umbile jingine la chakula kilekile. Vipande vilivyo kwenye mchuzi viponde kwa uma mpaka viwe uji mzito. Cha kupondwa kifanye kizito zaidi, au kilegeze kwa maji. Kuna paka wanaolamba mchuzi wote na kuacha vipande vimelala uchi. Hao hawajakataa ladha, wamekataa kutafuna, na uma unawamaliza ubishi.

Kukataa ndiko kunakonifikisha kwenye jambo ambalo halina utani. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Paka hakuwepo waliposema. Yeye anaweza kukaa na njaa na miiko yake yote, na mwili wake haumvumilii: paka asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa mnene, anaweza kupata ugonjwa wa ini kujaa mafuta, kwa sababu mwili unayeyusha akiba ya mafuta kwa kasi ambayo ini haliwezi kuistahimili. Unaua, na kuutibu kunahitaji wiki za kumlisha kwa mrija. Basi ule ushauri wa "mwache, akisikia njaa atakula" autoe aliyefuga mbuzi. Paka mzima akimaliza siku nzima bila kugusa chochote, mpigie daktari wa mifugo. Kitoto cha paka usikisubirishe hata siku hiyo moja.

Vilevile tofautisha mchaguzi na mgonjwa. Mchaguzi ni tabia ya miaka, unamjua hivyo. Paka aliyekuwa anakula vizuri halafu ghafla akaanza kuchagua ana sababu. Meno ya paka huugua kimyakimya, na kuna ugonjwa unaoyala meno kuanzia kwenye shina ambao ni wa kawaida sana kwao: utamwona anakiendea chakula kwa hamu, anang'ata, anakitema, anaondoka. Mafua nayo yanaziba pua, na pasipo pua hakuna chakula. Paka mzee anayesogelea kisahani, akalamba midomo, akageuka, huenda ana kichefuchefu cha figo. Katika hali zote hizi ukiendelea kununua ladha mpya utatumia pesa za daktari kulipia mikebe, na daktari bado anakusubiri.

Tuseme ni mzima. Sasa tumwangalie anayelisha.

Paka anajifunza upesi kwamba kisahani cha kwanza kikikataliwa kinafuata cha pili, na cha pili kina kitu kizuri zaidi. Ukimletea cha tatu umemaliza kumfundisha. Hana hila, anafuata tu ushahidi. Dawa yake ni ratiba: weka chakula, kaa mbali, ondoa baada ya nusu saa, usilete mbadala mpaka mlo unaofuata, huku ukikumbuka ule mpaka wa siku moja niliousema. Kusimama juu yake ukimbembeleza pia hakusaidii. Paka hali vizuri akitazamwa.

Na upunguze kipimo. Paka kwa maumbile ni mla kidogo kidogo. Panya mmoja ana kilokalori 30 hivi, na paka anayewinda anahitaji kadhaa kwa siku, kwa hiyo tumbo lake limezoea milo mingi midogo usiku na mchana. Mtu anayeweka mkebe mzima asubuhi na kukuta theluthi imebaki anasema paka anachagua. Pengine ameshiba. Ile theluthi ikikaa saa nzima inakauka, harufu inageuka, na paka akirudi ana haki ya kuikataa. Gawa kiasi kilekile cha siku mara nne, na utashangaa uteuzi ulivyopungua. Kama unatoka asubuhi kurudi jioni, milo ya mchana iwe punje kavu, ambazo zinavumilia kukaa nje, na ya mkebe iwe ile ambayo wewe upo.

Tuje kwenye namba, kwa sababu bila namba mtu anajidanganya. Paka mzima wa kilo nne anayekaa ndani anahitaji kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Gramu 100 za chakula kikavu zina kilokalori 350 hadi 400. Gramu 100 za chakula cha mkebe zina 70 hadi 100. Kwa hiyo siku moja ni gramu 60 hivi za kikavu, au gramu 260 hivi za mkebe. Hapo ndipo ilipo tofauti ya bei: kwenye mkebe unanunua maji kwa wingi, unalipia na bati lake.

Ila maji hayo yana kazi. Katika zile gramu 260 kuna karibu gramu 200 za maji. Katika gramu 60 za punje kuna kama tano. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kame aliyezoea kupata maji kutoka kwenye windo, na hisia yake ya kiu ni hafifu. Anayekula punje tupu hunywa zaidi, lakini kwa kawaida hafidii pengo lote. Kwa madume hasa, mkojo mzito unaweza kuchangia njia kuziba, na dume aliyeziba ni dharura ya saa chache. Kwa hiyo ninayewaza gharama ya mwaka mzima, siwezi kupendekeza punje peke yake kwa sababu tu ni nafuu. Napendekeza nusu kwa nusu: gramu 30 za punje na gramu 130 za mkebe kwa siku. Asiyeweza hata hilo aloweshe punje kwa maji ya vuguvugu na kuondoa kilichobaki baada ya muda mfupi, kisichache. Tausi punje mbichi anazila, zilizolowa anazikwangulia sakafu, kwa hiyo kwake maji yanapitia kwenye mkebe, ninauongeza kijiko kimoja kila mlo na bado hajagundua.

Lebo nayo inahitaji akili kidogo. Mkebe ulioandikwa protini asilimia 10 unaonekana hafifu mbele ya mfuko wa asilimia 32, lakini ondoa maji kwanza. Mkebe wenye maji asilimia 78 una asilimia 22 tu ya vitu vikavu. Gawa 10 kwa 22, unapata asilimia 45. Mfuko wenye maji asilimia 8: gawa 32 kwa 92, unapata kama asilimia 35. Mkebe umeshinda. Kipimo cha chini kinachotumika Marekani kwa paka mzima ni asilimia 26 ya vitu vikavu, kwa hiyo vyote viwili vimevuka, ila sasa unajua unalipia nini.

Kilicho muhimu kuliko asilimia zote hizo ni maneno madogo yanayosema kama chakula ni kamili au ni cha kuongezea tu. Vile vimikebe vya kupendeza vyenye nyuzi nyeupe za kuku zinazoonekana kwa macho, ambavyo wachaguzi huvipenda kupita kiasi, mara nyingi ni vya kuongezea. Vinaonekana bora kuliko uji wa kahawia ulio kamili, na vinauzwa ghali zaidi, lakini paka hawezi kuishi navyo. Anahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, ambayo mwili wake hautengenezi ya kutosha. Ilijulikana tangu 1975 kwamba ikikosekana macho yanaharibika. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba ilikuwa pia inalegeza moyo, na waliopatwa ni paka waliokuwa wanakula vyakula vya viwandani. Watengenezaji wakaongeza taurini, na ugonjwa huo wa moyo ukapungua sana. Chakula cha bei ya chini chenye neno kamili kimepitia somo hilo. Minofu mizuri ya kuku kutoka jikoni kwako haijapitia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wanaosema kupika nyumbani ni njia ya kuokoa. Nyama tupu haina kalisi ya kutosha, na paka anayeishi nayo mwili wake unaanza kuichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Taurini nyingine inatoka na maji ya kuchemshia. Ini kila siku linamlimbikizia vitamini A mpaka pingili za shingo zinaota mfupa na kushikana. Samaki mbichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mapishi yaliyosawazishwa yapo, yanaandikwa na madaktari wa lishe ya wanyama, na ukishanunua virutubisho vyake bei imepita ya mkebe. Chakula cha mbwa nacho, kwa kuwa mtu huuliza, hakifai; mbwa wengi hujitengenezea taurini, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuitia humo.

Jikoni kwako kuna kazi nyingine, ya kutia hamu. Ruhusu asilimia 10 ya kilokalori za siku zitoke nje ya chakula kamili, yaani kama 20 hadi 25. Robo ya yai la kuchemsha inatosha hapo, ikisagwa na kunyunyizwa juu. Kijiko cha mchuzi wa kuku usio na chumvi, usiopitiwa na kitunguu maji wala kitunguu saumu hata cha unga, kwani vyote viwili vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka. Kidole cha maji ya jodari wa mkebe asiye na chumvi, kwa nadra, maana mchaguzi akishajua jodari yupo nyumbani mazungumzo mengine yote yanakuwa magumu. Na ile ninayoipenda mimi: chukua vile vitafunio vikavu anavyovipenda, visage viwe unga, weka kwenye kichupa cha chumvi, nyunyiza kidogo juu ya chakula cha kawaida. Viwanda vinafanya vivyo hivyo; punje zikishakaushwa hupuliziwa mafuta na maji ya protini iliyomeng'enywa, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kinachompendeza paka katika punje. Pakiti moja ndogo ya vitafunio ikitumika kwa unga inakwenda mbali mno.

Ukubwa wa mfuko ni hesabu nyingine ambayo wauzaji hawakufanyii. Mafuta yaliyoko kwenye punje yanaanza kuchacha hewa inapoingia, na mfuko uliofunguliwa ni vizuri uishe ndani ya wiki sita. Kwa gramu 60 kwa siku, kilo mbili zinakwisha siku 33. Kilo kumi zinakwenda zaidi ya miezi mitano. Paka anayeanza kukataa punje zilezile alizokuwa anazipenda mwezi wa pili huenda ananusa kitu ambacho pua yako haikifikii. Ziache kwenye mfuko wake wa asili, kamua hewa, funga, weka mfuko ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ukizimwaga moja kwa moja kwenye ndoo ya plastiki mafuta yanashika kuta na kuambukiza mfuko unaofuata.

Upande wa mikebe, hapo ukubwa unasaidia kweli. Mkebe wa gramu 400 kwa gramu huwa nafuu kuliko vipakiti vya 85, na kwa gramu 130 kwa siku unaisha siku ya tatu, ndani ya muda ambao chakula kilichofunikwa kinakaa vizuri kwenye friji. Ukiishi na paka mdogo zaidi, gandisha kilichozidi kwenye trei ya barafu. Jaribu kwanza kipande kimoja, maana kuganda kunabadilisha umbile kidogo na umeshajua unashughulika na nani.

Ukitaka kuhamia chakula cha bei ya chini zaidi, nunua pakiti ndogo kuliko zote na uchanganye: kidogo sana leo, kiasi kesho, kwa wiki moja hadi mbili, taratibu zaidi kwa mkaidi. Akigoma, rudi nyuma hatua moja, usirudi mwanzo. Na usimzoeze kampuni moja wala ladha moja. Mimi nina mbili zenye umbile linalofanana, ninazipokezanisha, kwa sababu mtengenezaji anaweza kubadilisha mchanganyiko wake bila kuniuliza, na paka mwenye chakula kimoja tu duniani siku hiyo anakuwa na tatizo la kweli.

Mwisho wa siku aamue mizani. Panda na paka mikononi, shuka umwache, panda peke yako, toa. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi na uandike mahali. Vipimo vya kulishia vilivyochapwa kwenye mifuko vimekadiriwa kwa paka wa wastani na kwa waliohasiwa mara nyingi vinazidi, kwa hiyo paka anayeacha chakula kila siku huku uzito wake umesimama palepale na manyoya yanang'aa hachagui. Anakuambia kipimo chako ni kikubwa. Tausi anakula pungufu ya kinachoandikwa, uzito haujasogea, na mfuko uliokadiriwa mwezi unapita mwezi.